Visiwa Vilivyobaki Kwenye Kisahani

10 Januari 2011

Mhariri anataka nikae katika maabara ya kongosho mpaka mvua ziishe. Anasema wasomaji wamechoka na mafuriko na madiwani, na kwamba hakuna nyumba katika mji huu isiyo na mtu wa kisukari. Nilimkumbusha kwamba nimeandika habari za polisi karibu maisha yangu yote na sijui kongosho liko upande gani wa tumbo. Alisema hilo ndilo linalomfurahisha.

Maabara iko ghorofa ya pili, nyuma ya jengo la baiolojia. Mkuu wake ni Profesa Zulmira Battaglin, miaka sitini na mitatu, mfupi, mpana, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Hakunipa mkono. Mkono ulikuwa na kazi.

"Wewe ndiye mzee wa gazeti? Kaa pale. Usiguse kitu. Na ukitaka kupiga chafya, toka nje kwanza."

Nilikaa. Mbele yake palikuwa na hadubini, na chini ya hadubini kisahani cha kioo chenye kongosho la panya lililolainishwa kwa kimeng'enya, dawa ya kuyeyusha nyama, mpaka likawa kama uji. Ndani ya uji huo mna vidonge vidogo kuliko punje ya chumvi. Wanaviita visiwa. Kila kimoja ni rundo la seli elfu na zaidi, na hizo ndizo zinazotoa insulini. Profesa huvifyonza kimoja kimoja kwa mrija wa kioo ambao ncha yake ameivuta kwenye moto mpaka ikawa nyembamba, kisha huvitua kwenye kisahani kingine safi. Nimewahi kuwatazama wapasuaji kazini, na wezi wa mifukoni pia. Sijaona mkono mtulivu kama ule.

"Unajuaje cha kuchukua?" niliuliza.

"Cheupe, cha mviringo, ukingo laini," alijibu bila kuinua kichwa. "Kila anayeingia hapa huokota miezi sita akiyarudia maneno hayo. Halafu ndiyo namruhusu kufanya jaribio."

13 Januari

Mvua tangu saa nane mchana. Wakati wa kahawa nilimwomba Zulmira anieleze kolesteroli inahusikaje na insulini. Alisogeza vikombe pembeni kana kwamba angechora mezani, kisha hakuchora.

"Sukari ikipanda kwenye damu, inaingia ndani ya seli inachomwa. Nguvu inayopatikana inafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Kalsiamu inaingia. Vifuko vilivyojaa insulini vinakimbilia kwenye utando wa seli, vinaungana nao, vinafunguka kwa nje. Basi. Seli imetema insulini."

"Na kolesteroli?"

"Imo kwenye utando wenyewe. Baba yangu alikuwa mpishi wa jamu ngumu ya mapera, ile ya kukata kwa kisu. Akiitoa motoni mapema, haishiki, inatambaa sahani nzima. Akichelewa, kisu hakiingii. Utando ni hivyo hivyo. Kolesteroli ikipungua sana, milango inatawanyika ovyo, kifuko hakijui kifungukie wapi. Ikizidi, utando unakuwa mgumu, kifuko kinafika, kinabaki hapo hapo."

"Kwa hiyo mafuta ndiyo adui."

"Ukiandika hivyo sitakuruhusu kupanda ngazi zile tena."

Nimeandika alivyosema.

14 Januari

Mwuza mikate wa mtaani kwangu ameshasikia ninakokwenda. "Mzee, nambie ukweli, niache kuuza mikate midogo ya jibini?" Nikamwambia auze. "Afadhali. Mke wangu alishaanza kunikodolea macho."

18 Januari

Umeme ulikatika mara mbili. Panya wazima.

20 Januari

Leo nimeongea kwa mara ya kwanza na Jaciara Pacheco. Ana miaka ishirini na tisa, ametoka jimbo la Maranhão, kaskazini mwa nchi, na anamalizia udaktari wake wa falsafa. Siku zote nilizokuwa hapa nilimdhania mzembe. Wenzake wanaposhindana kuokota, yeye huwa wa mwisho. Hachagui. Anaanzia ukingo mmoja wa kisahani, anakwenda mpaka ukingo wa pili, anachukua kila kisiwa kinachopita mbele yake, kama mtu anayefagia uwanja. Alijifunza chuo cha nyumbani, ambako hadubini ilikuwa moja na visiwa vichache, na hawakuwa na anasa ya kuchagua.

Otávio Lessa, mwanafunzi mwenzake, mtoto wa daktari wa hapa hapa mjini, hachoki kumchokoza.

"Tazama, tazama! Kuku wa Maranhão amefunguliwa. Donoa, dada, donoa!"

"Kuku anashiba, Otávio. Wewe endelea kuchumbia visiwa."

Utafiti wa Jaciara ni huu. Kuna panya waliozaliwa bila uwezo wa kuondoa kolesteroli katika damu. Ametoa visiwa vyao, ameviweka kwenye maji yenye sukari nyingi, ameyakusanya maji hayo na kupima insulini. Visiwa vya panya hao vinatoa karibu nusu tu ya vinavyotoa visiwa vya panya wa kawaida. Kisha akaviosha kwa aina ya sukari yenye umbo la pete, ambayo huchomoa kolesteroli kutoka kwenye utando. Kwa dozi ndogo, insulini ilirudi karibu kama kawaida. Kwa dozi kubwa ilianguka tena. Kwa maneno mengine, jamu ya baba yake Zulmira, ila kwa namba.

Atatetea kazi hiyo mbele ya watahini tarehe 31 Machi. Chuo kikuu cha kwao kimemwekea nafasi ya ualimu, lakini lazima awe na shahada kabla ya Aprili kwisha. Nafasi kama hiyo haijatangazwa huko kwa miaka saba.

"Kwa hiyo umeshamaliza," nilisema.

"Bado mkono wa pili."

Ni sheria ya nyumba hii. Hakuna tokeo linalotoka nje ya mlango mpaka mtu mwingine arudie jaribio lote, kuanzia kwa panya. Karibu kila mara mkono wa pili ni wa Zulmira mwenyewe. Nimefanya kazi katika magazeti manne. Hakuna hata moja lililokuwa na sheria kali namna hiyo, na ninaiheshimu kuliko chochote nilichoona hapa hadi leo.

27 Januari

Zulmira ameanza kurudia jaribio la Jaciara. Panya wa aina zote mbili. Jaciara haruhusiwi kukaribia meza.

Nimejaribu kuokota visiwa. Nilifyonza hewa, kisha meza.

1 Februari

Mvua. Mto umefika kwenye ngazi za soko. Mhariri ameniuliza kama ninataka kurudi kwenye mafuriko. Nimekataa, jambo lililotushangaza sote wawili.

4 Februari

Majibu yametoka. Nayaandika kwa utaratibu.

Zulmira aliingia chumba cha mikutano na karatasi moja. Walikuwepo Jaciara, Otávio, na wengine wanne wa maabara. Hakukaa.

"Hakuna tofauti," alisema. "Visiwa vya panya wa kolesteroli vinatoa insulini sawa na vya kawaida. Nimerudia kwa panya watano kila upande. Sawa kabisa."

Mvua ilikuwa inapiga paa la bati la banda la pikipiki huko chini, tukaisikiliza.

"Profesa," alisema Jaciara, "mimi nimepata tofauti mara nane."

"Najua."

"Mara nane, Profesa. Si mara moja."

"Mwanangu, ukifanya kosa lile lile mara nane, haligeuki kuwa kweli. Mkono wako unaokota vibovu. Vilivyochanika, vilivyosongwa na kimeng'enya. Kisiwa kilichoumia hakitoi insulini. Hujapima kolesteroli. Umepima majeraha."

"Mbona kwa panya wa kawaida mkono huo huo unaleta visiwa vinavyotoa insulini vizuri?"

Zulmira alifikiri kabla ya kujibu. Ninamsifu kwa hilo. Wakubwa wengi ninaowajua wangejibu kwanza.

"Kwa sababu panya wa kawaida anakusamehe," alisema. "Kongosho lake ni imara. La panya mgonjwa linachanika upesi."

"Basi hata hiyo ni tofauti."

"Ni tofauti. Lakini siyo hiyo uliyoiandika."

Otávio, ambaye nilitegemea acheke, alikuwa anatazama viatu vyake.

Zulmira aliweka karatasi mezani. Alisema kazi haitaenda kwa watahini ikiwa hivyo. Ama Jaciara apate kwa mkono safi alichokipata kwa mkono mchafu, ama sura mbili za tasnifu zitoke, na bila sura hizo hakuna tasnifu. Aliyasema bila ukali. Alipotoka, alimgusa bega.

Jaciara alibaki amekaa. Nilimuuliza kama anataka kahawa.

"Nataka kujua, mzee," alisema. "Kama nimekosea, nataka kujua nimekosea wapi. Siwezi kumwambia mama yangu kwamba nimerudi kwa sababu ya mkono."

7 Februari

Jaciara anajifunza kuokota upya. Cheupe, cha mviringo, ukingo laini. Zulmira amekaa kando yake asubuhi nzima akimwelekeza kwa upole ambao sikuutarajia kwa mtu aliyekwisha kutoa hukumu.

9 Februari

Vivyo hivyo.

11 Februari

Otávio: "Dada, sasa unaokota kama mtoto wa mjini. Nimekosa cha kusema, nimeanza kuumwa." Jaciara hakumjibu. Saa sita Otávio alimletea wali na maharage kutoka kantini bila kuombwa.

17 Februari

Majaribio mapya ya Jaciara, kwa mkono mpya: hakuna tofauti. Ametoka kumwonyesha Zulmira, na Zulmira amesema, "Umeona?" Hakuna aliyefurahi. Nimeandika aya mbili kwa ajili ya makala kuhusu ukweli unaouma, nikazifuta. Zilinuka.

22 Februari

Dhoruba ya jana mchana imeleta jambo.

Kawaida ni kwamba Zulmira akishaokota anavyovitaka, kisahani chenye masalia humwagwa mara moja na kuoshwa. Jana umeme ulikatika, pampu ya maji ikasimama, bomba likakauka. Visahani viliwekwa kwenye barafu vingoje. Leo asubuhi zamu ya kuosha ilikuwa ya Jaciara. Kabla ya kumwaga aliweka kimoja chini ya hadubini. Anasema hajui kwa nini. Ninaamini hilo, nusu ya habari nzuri nilizowahi kupata nilizipata hivyo.

Aliniita kwa kidole.

Hata mimi niliona. Kisahani cha panya wa kawaida kilikuwa karibu kitupu. Kisahani cha panya wa kolesteroli kilikuwa na visiwa vingi bado: vyenye rangi ya chai ya maziwa, ukingo umekatika-katika kama karatasi iliyochanwa kwa mkono.

"Vibovu," nilisema. "Kama alivyosema Profesa."

"Mzee, hebu fikiri. Kama kimeng'enya ndicho kimevichana, kingechana na vya panya wa kawaida. Dawa ile ile, dakika zile zile, meza ile ile. Mbona kule hakuna?" Alisogeza kisahani kidogo. "Hivi siyo majeraha. Ndivyo vilivyo. Huu ndio ugonjwa wenyewe, na sisi tunaumwaga kwenye sinki."

Ilinichukua muda kidogo kuona anachosema. Kolesteroli haikushika visiwa vyote sawasawa. Vilivyoelemewa zaidi ndivyo vilivyoharibika sura. Na Zulmira, kwa jicho lake la miaka arobaini, alikuwa akivitoa visiwa vizima kutoka kwa panya mgonjwa na kuvipima, kisha anashangaa kwamba ni vizima. Kadiri mkono ulivyo mzuri, ndivyo ugonjwa unavyopotea. Mwanafunzi asiyejua kuchagua ndiye aliyekuwa amempima panya jinsi alivyo.

"Utamwambia lini?" niliuliza.

Alikimwaga kisahani. "Nitapima kwanza."

25 Februari

Jaciara amemwomba Zulmira masalia. Akasema anataka kufanyia mazoezi. Zulmira akampa.

1 Machi

Masalia ya panya wa kolesteroli: insulini kidogo mno. Yaliyooshwa kwa sukari ya pete, dozi ndogo: insulini imepanda zaidi ya maradufu. Kwa hiyo seli hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimekwama.

Alinionyesha namba hizo kwenye ngazi, siyo ndani. Ameogopa. Niliwahi kuwaona mashahidi wa mauaji wakiwa na uso ule. Kila mtu katika maabara hii, akiwemo yeye, ameletwa na jina la Zulmira. Mkono ule ndio nyumba.

"Labda useme wewe, mzee. Wewe huna cha kupoteza."

"Mimi naandika tu, binti."

"Ndiyo maana mnaishi miaka mingi."

Nilistahili.

5 Machi

Wikiendi ya kanivali. Mji mtupu, ngoma zinasikika kutoka upande wa mto. Maabara imefungwa, panya wamelishwa na Otávio, ambaye alikuja amejipaka rangi ya dhahabu mpaka masikioni.

10 Machi

Amemwambia.

Nilikuwepo kwa sababu Jaciara aliniomba nikae. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Zulmira ameshaketi kwenye hadubini, mrija mkononi.

"Profesa, naomba niseme na wewe kidogo."

"Sema. Masikio hayana kazi."

"Naomba uache kuokota kwanza."

Mrija ulisimama hewani. Zulmira aliuweka chini na kugeuka. Jaciara akaeleza: masalia, rangi, ukingo, namba, sukari ya pete. Alieleza vizuri na kwa kasi mno. Alipofika mwisho alisema kile ambacho kilikuwa hakijasemwa.

"Mkono wangu haukuwa mchafu, Profesa. Wako ni msafi kupita kiasi."

Sikumwona Zulmira akikasirika. Alifuta miwani yake. Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua tairi kabla ya safari. Masalia yalikaa barafuni muda gani? Sawa kwa pande zote mbili? Nani alipima insulini? Alijua kipi ni kipi wakati anapima?

"Nilijua," alisema Jaciara.

"Basi hujathibitisha kitu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Zulmira akavaa miwani, akavuta kisahani kilichokuwa mbele yake, akakitazama. Lakini hakuwa anatazama alichochukua. Alikuwa anatazama alichoacha. Akasukuma kisahani huku na huku, polepole.

"Miezi sita," alisema hatimaye. "Kila mtoto aliyepita hapa. Miezi sita namfundisha kutoona hivi."

Akainuka, akafungua mlango wa korido. "Otávio! Njoo hapa, na uje na kalamu isiyofutika na maji."

11 Machi

Mpango wake ni mkali kuliko ambao ningeuwaza. Kongosho la kila panya linatoa visahani vitatu. Cha kwanza, visiwa alivyovichagua Zulmira. Cha pili, masalia yake. Cha tatu, kutoka nusu ya uji iliyotengwa kabla, vilivyofagiwa na Jaciara ukingo hadi ukingo. Otávio anavipa herufi, na ni yeye peke yake anayejua herufi ipi ni ya nini. Kupima insulini kutafanywa na maabara ya jirani, ghorofa ya kwanza.

"Na mimi nikipewa hongo?" aliuliza Otávio.

"Utakula hiyo hongo huku unaosha vizimba vya panya mpaka ustaafu," alisema Zulmira.

Nimembadilishia Otávio nafasi kichwani mwangu. Nilimwona mtoto wa tajiri mwenye mdomo. Ni hivyo. Pia ni mtu ambaye watu wawili wenye kila sababu ya kutilia shaka dunia wamemwamini bila kufikiri.

14 Machi

Mvua inapungua. Wanaanza saa moja asubuhi.

16 Machi

Zulmira amekuwa akiokota kwa namna yake ya zamani, vizuri iwezekanavyo, kwa sababu jaribio linataka hivyo. Nadhani hilo ni gumu kuliko linavyoonekana: kufanya kwa ustadi wako wote kitu ambacho unashuku ndicho kosa lako.

18 Machi

Kazi. Hakuna cha kuandika.

21 Machi

Otávio alifungua herufi saa nne asubuhi mbele ya wote. Alianza na mzaha, akauacha katikati.

Vilivyochaguliwa na Zulmira: hakuna tofauti kati ya panya. Masalia: ya panya wa kawaida, machache, insulini imepungua kidogo; ya panya wa kolesteroli, mengi, insulini karibu hakuna, na yakioshwa kwa pete yanafufuka. Vilivyofagiwa: nusu. Nusu ile ile ya Jaciara, mara ya tisa.

Jaciara aliweka viganja vyote viwili mezani kama mtu aliyeshuka kutoka chomboni. Zulmira alisoma karatasi mara mbili.

"Tasnifu inakwenda," alisema. "Sura zote."

Watu wakaanza kupiga makofi. Akainua mkono.

"Kuna kazi yangu ya mwaka 1996. Ya panya wazee wanene. Nilisema visiwa vyao ni vizima na tatizo liko kwenye misuli na ini. Nilivichagua kwa mkono huu." Akautazama kidogo. "Wanaifundisha bado. Makofi ngojeni."

24 Machi

Mhariri amependekeza kichwa cha habari: Siri ya Kisukari Yafichuliwa Mjini Kwetu. Nimemwambia kwamba kilichofichuliwa ni kwamba kolesteroli ikizidi katika utando wa seli za panya, insulini inakwama, na kwamba ilikaribia kutoonekana kwa sababu ya ustadi. Alisema hakiingii kwenye safu moja. Nilimwambia anipe mbili.

28 Machi

Jua siku nzima, ya kwanza tangu nianze. Mama yake Jaciara amefika kwa basi kutoka Maranhão, siku mbili barabarani. Ameleta unga wa muhogo kwa watu wote kana kwamba hapa hakuna maduka. Amemuuliza Otávio, "Wewe ndiye unayemwita mwanangu kuku?" Otávio alichukua fungu lake la unga na kusema, "Shikamoo, mama."

31 Machi

Utetezi, ukumbi mdogo, saa nane mchana. Umejaa mpaka madirishani. Kwa desturi msimamizi ndiye mwenyekiti wa meza ya watahini, na hana ruhusa ya kumjibia mtahiniwa. Kwa hiyo Zulmira alikaa katikati kwa muda wa saa mbili, mikono juu ya meza.

Watahini wanne walimbana Jaciara kwa haki. Dozi za pete. Je, ni ule utando wa nje tu uliojaa kolesteroli, au hata vifuko vyenyewe? Alijibu alichojua, na mara mbili alisema hajui. Kisha ikafika zamu ya Daktari Péricles Amado, mzee wa chuo cha mji mkuu wa jimbo, ambaye vitabu vyake nimeviona kwenye rafu ya kila mtu pale.

"Nina swali moja," alisema. "Nimefundisha miaka kumi na mitano kwamba visiwa vya panya wanene ni vizima. Nafundisha hivyo kwa sababu ya kazi ya mwenyekiti wako. Tasnifu yako inanyamaza kuhusu kazi hiyo. Haiitaji. Nataka kujua: kazi ile ni sahihi au si sahihi?"

Nilikuwa sijui kwamba Jaciara ameiacha. Alipoandika rasimu mwaka jana hakuwa na sababu ya kuitaja. Mwezi huu alikuwa nayo, na hakuitaja.

Jaciara alimtazama Zulmira. Ukumbi mzima ulimtazama Zulmira. Aliyeketi karibu na mlango aliacha kujipepea.

"Usinitazame mimi," alisema Zulmira. "Mtahini amekuuliza wewe."

"Profesa, mimi..."

"Binti. Amekuuliza swali zuri. Ukilijibu vibaya sitasaini."

Niliwahi kusikia vitisho vingi. Hicho ndicho cha kwanza nilichokiona kikimsimamisha mtu wima. Jaciara alikunywa maji, akaweka bilauri chini.

"Si sahihi," alisema. "Kazi ile ilipima visiwa vilivyochaguliwa kwa uzuri. Visiwa vilivyokuwa vimeugua vilibaki kwenye kisahani, vikamwagwa. Nadhani ikirudiwa kwa kuchukua vyote, tokeo litageuka. Nilipaswa kuandika hivyo katika sura ya nne. Niliogopa."

"Uliogopa nini?" aliuliza Amado.

"Kukosa heshima."

Amado aligeuka kwa mwenyekiti. Zulmira alikuwa anatikisa kichwa kukubali, polepole, bila tabasamu, kama alivyokubali herufi za Otávio.

"Iandike," alisema. "Ukurasa mzima. Na jina langu liandikwe kamili."

Watahini walitoka, wakarudi baada ya muda mfupi. Amefaulu, kwa sharti la ukurasa huo. Mama yake alilia kwa sauti. Otávio alilia pia na kusema ni unga wa muhogo umemwingia machoni.

4 Aprili

Nimepeleka makala. Safu mbili.

Nilipita maabara kuaga. Vikapu vya Jaciara vimefungwa, anaondoka kesho. Zulmira alikuwa kwenye hadubini na kongosho la panya mzee mnene. Ameanza upya ile kazi ya 1996, peke yake kwa sasa, mpaka upatikane mkono wa pili. Sikumsemesha. Nilisimama nyuma yake nikatazama.

Anaanzia ukingo mmoja. Kikija cheupe cha mviringo, mrija unashuka wenyewe. Kikija kile cha rangi ya chai, chenye ukingo uliochanika, mkono unasimama juu yake. Unakaa hapo kidogo. Kisha anakichukua.